Kufuli ya grupe haitoshi tena: umeme wa Butembo na Beni



Ukiuliza wazee wa Butembo umeme ulifika lini, wengi hawatakupa mwaka, watakuelezea kelele ya grupe. Mji wa wafanyabiashara wanaoleta makontena toka Dubai na Guangzhou ulikaa miaka mingi hivyo: kila duka na grupe yake, kila grupe na bidoni yake ya mazutu. Mwizi wa umeme alikuwa mwizi wa bidoni. Kufuli moja nzuri, mlinzi mmoja, basi.

Halafu maji yakaanza kufanya kazi. Mwaka 2013 Hifadhi ya Virunga iliwasha mtambo mdogo Mutwanga, chini ya Ruwenzori, wa megawati 0.4 hivi. Mwaka 2015 ikaja Matebe, kule Rutshuru, megawati 13.8. Baadaye Luviro, kwetu Lubero, megawati 14.6. Na toka 2020, kwa kuwa umeme wa Luviro haukuwa na wanunuzi wa kutosha karibu, hifadhi ikaweka pale kompyuta za kuchimba Bitcoin. Watu walishangaa, lakini mimi naona ni hapo historia iligeuka: maji ya mto yanaingia, pesa inatokea ndani ya kompyuta. Kufuli ya mlango inalinda nini hapo?

Mimi naongoza kikundi kidogo cha mauzo. Tunauza kinga dhidi ya wadukuzi kwa wenye mitambo ya jua na ya maji, kati ya Butembo na Beni. Swali la kwanza la mteja ni lilelile: "Ndugu yangu, nani huko ng'ambo anatujua sisi?" Ni swali la haki. Najibu kwa mifano mitatu.

Machi 2019, kampuni ya sPower ya Utah, Marekani, yenye mitambo ya jua na upepo, ilipotezana na mitambo yake kwa dakika chache chache, mara nyingi, siku nzima karibu. Vifaa vya kuchuja mawasiliano vilikuwa vinazimika na kuwaka vyenyewe, juu ya kasoro iliyokuwa imekwisha kujulikana. Umeme haukukatika, lakini wasimamizi walikuwa kama vipofu. Februari 24, 2022, siku Urusi ilipovamia Ukraine, modemu za setilaiti zilishambuliwa, na mitambo ya upepo 5,800 ya Enercon huko Ujerumani ikakosa usimamizi wa mbali. Hakuna aliyekuwa anawatafuta Wajerumani wale! Walipita njia moja na mlengwa, ni hiyo tu.

Mfano wa tatu ndio unauza kweli. Julai 2019, Johannesburg, programu ya kudai fidia ilifunga kompyuta za City Power. Watu wenye konteri za kulipa mbele wakashindwa kununua umeme, na pesa mkononi wanayo. Mwenye mashine ya kusaga unga au mchomeleaji wa hapa kwetu anaelewa mara moja, hauhitaji tena kuchora kitu.

Beni ni ngumu zaidi, na siyo kwa bei. Toka Oktoba 2014, mauaji ya ADF yamefanya neno "usalama" kuwa na maana moja tu pale. Ukiingia kwa mtu aliyezika ndugu zake ukamwambia unauza usalama wa kompyuta, ni aibu. Nimeambia kikundi changu tuache neno hilo kabisa. Tunasema kinga, tunasema funguo.

Lakini vita na kazi yetu vinagusana kuliko mtu anavyodhani. Juu ya barabara mbaya na hatari, fundi hawezi kutembelea mtambo kila wiki. Basi anausimamia toka mbali, kwa simu na modemu. Mlango huo aliufungua kwa kuogopa bunduki, na mwingine anaweza kuupitia toka popote. Mara nyingi neno la siri ni lile la kiwandani, na anayelijua ni fundi mmoja, ambaye mapigano yakisogea anaweza kukimbilia Kampala na simu yake.

Ndiyo maana siku hizi sianzi na programu. Nauliza kwanza: fundi akiondoka leo usiku, nani amebaki na funguo? Mteja akinyamaza, nafungua daftari tunaanza kuandika.