Huduma ya kumtembelea mama mjamzito nyumbani

KUMTEMBELEA mama mjamzito nyumbani ni huduma ambapo muuguzi au mhudumu wa afya humfuata mama wa kipato cha chini anakoishi, badala ya kumngoja kliniki. Lengo ni kulinda afya ya mama na mtoto, na kumwandaa mama kwa malezi.

Mpango uliochunguzwa sana ni ule wa Marekani uitwao Nurse-Family Partnership, ulioasisiwa na mwanasaikolojia David Olds. Majaribio yake yalianzia Elmira, mji mdogo wa jimbo la New York, ambako wanawake 400 walisajiliwa kati ya 1978 na 1980. Yalifuatwa na majaribio ya Memphis na Denver katika miaka ya tisini.

Chini ya mpango huo, mama anayetarajia mtoto wake wa kwanza hupewa muuguzi mmoja, ambaye humtembelea tangu akiwa mjamzito hadi mtoto atimize miaka miwili. Huzungumza kuhusu lishe, madhara ya sigara na pombe, na dalili za hatari. Baada ya kujifungua, mazungumzo hugeukia malezi, upangaji uzazi, masomo na ajira. Kwa kuwa anayebisha hodi ni yule yule, mama hujenga imani naye na humweleza mambo ambayo asingeyataja kliniki.

Je, huduma hii huzaa matunda? Utafiti uliochapishwa 1997, miaka 15 baada ya watoto wa Elmira kuzaliwa, ulionyesha kuwa visa vya watoto kudhulumiwa au kutelekezwa vilipungua kwa karibu nusu miongoni mwa familia zilizotembelewa hadi mtoto alipotimiza miaka miwili. Huko Denver, wauguzi walipata matokeo bora kuliko wahudumu wasio na taaluma hiyo.

Hata hivyo, si kila mahali palipopatikana mafanikio. Uingereza iliuanzisha mpango huo 2007, lakini utafiti uliohusisha wasichana 1,645 na kuchapishwa 2016 haukuona tofauti katika uvutaji sigara wala uzani wa watoto waliozaliwa. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba wasichana wote, hata wasiotembelewa chini ya mpango huo, tayari walikuwa na wakunga na wauguzi wa jamii bila malipo. Katika jimbo la South Carolina, Marekani, matokeo ya 2022 pia hayakuonyesha upungufu wa matatizo wakati wa kuzaliwa.

Funzo ni kwamba ziara pekee haitoshi. Manufaa yake hutegemea ujuzi wa anayetembelea, na huduma anazopata mama kwingineko.

Hapa Kenya, serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023, kila mmoja akihudumia takriban familia 100. Wajibu wao si kuchukua nafasi ya muuguzi, bali kuwatambua wajawazito mapema na kuwahimiza kuhudhuria kliniki. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kupita.

Mama anayevuja damu, anayeumwa sana na kichwa huku macho yakififia, au anayehisi mtoto amepunguza kucheza tumboni, hafai kungoja ziara yoyote. Aende hospitalini mara moja.