Kijiji Kilichochomwa Mwanzoni mwa Sinema

Mara hii tunaandika juu ya sinema, kwa sababu ubishi umekuwa mrefu kati yetu na haujaisha.

Tunabishania sinema ya zamani ya Hollywood, The African Queen, ya mwaka 1951. Aliyeiongoza ni John Huston, na waigizaji wakubwa ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Inachekesha kweli. Charlie, mlevi mwenye mashua ya mvuke, amealikwa chai kwa mmisionari, na tumbo lake linanguruma mezani mpaka kila mtu anajifanya hasikii. Baadaye yeye na Rose, dada wa mmisionari, wanashuka mto wakigombana njia nzima, wanakwenda ziwani kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo.

Wenzetu wengine wanasema: ni kichekesho, tucheke tu, ya nini kumtafutia makosa mzee aliyekufa zamani? Wengine wanasema: hatuwezi kucheka sinema ambamo Waafrika wamewekwa kama miti ya kando ya mto. Sisi tunaoandika hapa tuna jibu la tatu, na tumelitoa kwenye mwanzo wa sinema yenyewe.

Ni Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wanakijiji wako kanisani wanaimba. Kisha askari wanafika, wanachoma nyumba, wanawaswaga watu waende vitani. Mmisionari anapigwa, akili inamruka, anakufa. Kuanzia hapo kamera inawafuata Rose na Charlie. Wale waliochomewa nyumba hawarudi tena, wala hakuna anayeuliza walienda wapi. Mtu aliyewahi kukimbia kijiji chake hawezi kukosa kuliona hilo.

Basi walienda wapi? Historia inajibu.

Sinema ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, lakini vita vya meli vilipiganwa kweli, tena kwenye Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuwa na meli zao huko, kubwa kuliko zote ikiwa Graf von Götzen, iliyoletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1915 Waingereza wakaleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilifika Cape Town kwa meli, zikapanda treni mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zilivutwa kupita milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Madaraja zaidi ya mia moja yalijengwa njiani. Mashine zilipokaukiwa, wanawake walizibebea maji kichwani. Ndipo zikafika upande wa Kalemie, na Februari 1916 meli ya Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Vitabu vimehifadhi majina ya maofisa wa Kiingereza na hata majina ya mashua. Wale wanawake, je?

Mwaka huohuo jeshi la Kongo ya Mbelgiji lilivuka mto Rusizi, huuhuu ulio karibu nasi, likaingia Rwanda. Mwezi wa tano lilikuwa Kigali, mwezi wa tisa lilikuwa Tabora. Nyuma ya kila askari kulikuwa na watu wa kubeba chakula, risasi na majeruhi. Wanahistoria huhesabu wapagazi kama 260,000 waliochukuliwa Kongo kwa vita vile. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na kuhara damu, wala si kwa risasi. Watu wa namna hiyo ndio sinema iliwaacha mwanzoni.

Na sinema yenyewe ilipigwa wapi? Sehemu kubwa ilipigwa Uganda na huko kwetu Kongo, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, mji ambao leo unaitwa Ubundu. Wenyeji walifanya kazi kwenye kambi ya Huston. Kuna utani unaosimuliwa mpaka leo: mashua ilizama usiku, kwa sababu wenyeji waliambiwa waiangalie, na kweli wakaiangalia ikizama! Tukicheka, tucheke, lakini tujue kwamba aliyesimulia utani huo si mwenyeji wa Ruiki. Angesimulia yeye, labda tungecheka mtu mwingine.

Kumbe hata Hollywood ilikuja kujiuliza. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika maneno ya sinema ile, alitoa riwaya mwaka 1953 juu ya mwongozaji anayefanana sana na Huston. Mwaka 1990 Clint Eastwood akaifanya sinema, White Hunter Black Heart. Mwongozaji huyo anachekesha, ana maneno makali, ila anasahau kazi kwa tamaa ya kuua tembo. Mwishoni anayekufa ni mwongoza njia wake Mwafrika, ameuawa na tembo. Jina lake katika sinema ni Kivu. Ndiyo, Kivu, kama ziwa letu. Familia inalia, na mwongozaji anarudi kwenye kiti chake kuanza kupiga picha.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kucheka si dhambi. Hata kambini tunacheka kila siku, tusingecheka tungekuwa wagonjwa. Lakini mcheshi anachagua nani afuatwe na kamera na nani aachwe kwenye moshi. Huston alichagua. Leo simu ziko mikononi mwetu, na sisi tutachagua.

Vijana, tuanze na wazee wetu. Waulizeni kama katika ukoo kuna babu aliyebebeshwa mizigo ya vita, aliitwa nani, alirudi au hakurudi. Andikeni jina kabla ya yote. Na nyinyi wa mashirika, mkitupiga picha, mtuulize majina yetu na tulikotoka, mtuulize pia kama tunakubali. Ubishi wa sinema bado unaendelea, karibuni.