Hesabu za mafumbo kwa milinganyo sawia

Hesabu za mafumbo kwa milinganyo sawia ni maswali ya maneno yenye namba mbili au zaidi zisizojulikana, ambazo ni lazima zitimize masharti yote kwa pamoja. Ni maswali ya kale: kitabu cha Kichina kiitwacho Sunzi Suanjing kinauliza kuhusu ndege na sungura wenye vichwa 35 na miguu 94, na jibu ni ndege 23 na sungura 12. Ugumu wake hauko katika kukokotoa, bali katika kugeuza habari kuwa mlinganyo. Tuseme mteja kwenye genge la Kijenge, Arusha, amelipa shilingi 8,200 kwa kilo 3 za viazi na kilo 2 za vitunguu. Mwenzake, kwa bei zilezile, amelipa 7,400 kwa kilo 1 ya viazi na 3 za vitunguu. Anayeandika “x ni viazi” ameshapotea njia, kwani x ni bei ya kilo moja ya viazi, na y ya vitunguu. Hivyo 3x + 2y = 8,200 na x + 3y = 7,400. Ukizidisha mlinganyo wa pili kwa 3, kisha ukatoa wa kwanza, unabaki na 7y = 14,000; basi y ni 2,000 na x ni 1,400.

Wapo wanaosema kikwazo ni lugha, kwa kuwa shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1981 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya wanafunzi wa uhandisi walishindwa kuandika kwa mlinganyo kwamba wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Kosa la kawaida lilikuwa 6S = P badala ya S = 6P, ambapo S ni idadi ya wanafunzi na P ya maprofesa: herufi ilichukuliwa kuwa watu, si idadi yao. Wengine hudai kwamba gengeni bei ni ya kupatana, hivyo fumbo ni la uongo. Kinyume chake, mteja wa tatu akilipa 15,000 kwa kilo 6 za viazi na 4 za vitunguu, milinganyo inagongana, maana bei za awali zingedai 16,400. Mgongano huo ndio unaofichua punguzo. Kwa hiyo jibu lihakikiwe kwa maneno ya swali lenyewe, kwani mlinganyo ulioandikwa vibaya hulikubali jibu lake baya.