Usajili wa Upande Mmoja

Machi 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) nchini Tanzania ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, bima ya walio chini ya miaka 18 iliyolipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Maelezo yalikuwa kwamba wazazi wengi waliwakatia kadi watoto ambao tayari wanaumwa, gharama za matibabu zikaipita michango kwa mbali. Wataalamu wa bima huiita hali hiyo, kwa Kiingereza, “adverse selection”.

Maana yake tunaijua mitaani. Chama cha kufa na kuzikana kikiingiwa na nyumba zenye wagonjwa mahututi peke yake, hakimalizi mwaka. Bima ya hiari iko hivyo hivyo: mwenye afya hungoja, mgonjwa hukimbilia. Mfuko ukipandisha ada ili kuziba pengo, wazima wachache waliobaki nao hujitoa, na pengo linazidi. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliufafanua mkondo huu kwa mfano wa soko la magari yaliyotumika, ambako muuzaji anaujua ubovu asioujua mnunuzi.

Tukilitafsiri jina hilo la Kiingereza, “adverse selection”, neno kwa neno tunapata “uteuzi kinzani”. Msomaji atauliza: nani kateua, na anampinga nani? “Uchaguzi hasi” nao unanukia kura, tena unamtia mzazi hatiani kabla hajasikilizwa.

Hebu tupige hesabu. Kadi za watoto wanne zilikuwa shilingi 201,600. Mama ntilie mwenye fedha ya kadi moja atamkatia nani, kama si yule mwenye selimundu? Hapo hakuna ujanja wala siri. Ufinyu wa mfuko wake ndio uliomchagulia. Wale watatu wazima, ambao michango yao ingesaidia kumtibu ndugu yao, wamebaki nje kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo napendekeza “usajili wa upande mmoja”. Istilahi hii inaitaja kasoro ilipo, yaani kwenye daftari la wanachama, na inaelekeza kwenye tiba: upande wa pili uingizwe. Ndiyo mantiki ya kuwasajili watoto kupitia shule au vifurushi vya familia, na ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, inayotaka kaya nzima iandikishwe.

Ila kusawazisha daftari ni jambo moja, na kulipa ni jambo jingine. Kaya iliyoshindwa kadi ya pili haitaweza mchango wa wote kwa kuwa tu sheria imesema. Sheria hiyo imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Mfuko huo usipopata fedha, watakaokosekana daftarini safari hii ni maskini, na usajili utakuwa wa upande mmoja vilevile.