Saa za Usiku za Dallas

Siku hizi kampuni za ushauri wa teknolojia hujinadi kwamba zimeacha kuuza saa za wataalamu na sasa zinauza matokeo, kana kwamba wazo hilo limezaliwa juzi. Ukifuata nyayo zake kinyumenyume unafika Dallas, Texas, mwaka 1962.

Biashara yenyewe ya ushauri ilianza nyuma kidogo, Louisville, Kentucky. Mwaka 1954 kiwanda cha vyombo vya umeme vya nyumbani cha General Electric kilifunga kompyuta ya UNIVAC I, yenye uzito wa tani 13 hivi, na washauri wa kampuni ya Arthur Andersen wakaipa kazi ya kukokotoa mishahara. Hao walikuwa wahasibu, na wahasibu wamezoea kumtoza mteja muda.

Dallas mambo yakageuka. Ross Perot, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alitimiza lengo lake la mauzo ya mwaka mzima hata Januari haijaisha. Alikuwa ameona kwamba wateja wanakodi mashine kwa fedha nyingi, kisha kwa saa nyingi zinakaa bure. Juni 1962 akaanzisha kampuni yake, EDS, kwa dola 1,000. Alinunua kwa jumla saa zisizotumika za kompyuta ya IBM 7070 ya kampuni ya bima ya Southwestern Life, akaziuza rejareja kwa Collins Radio ya Iowa. Yeye mwenyewe hakuwa na kompyuta hata moja.

Baadaye akapiga hatua nzito zaidi: kuchukua idara nzima ya kompyuta ya mteja kwa mkataba wa miaka kadhaa, bei ikiwa imefungwa. Mshauri wa kulipwa kwa saa hana haraka. Kazi ikichelewa, anayeumia ni mteja. Bei ikifungwa, kuchelewa kunamla mshauri mwenyewe, na kila saa aliyookoa ni faida yake. Kwangu mimi uvumbuzi mkubwa ni huo, wa kuamua hasara itoke mfukoni mwa nani. Lakini mteja aliyekabidhi idara alikabidhi pia watu wanaoijua mifumo yake, na siku ya kujadili mkataba upya alikaa mezani akiwa mnyonge. Hilo linasahaulika mno.

IBM ilitangaza Juni 1969 kwamba itatoza kando programu na huduma zilizokuwa zimo ndani ya kodi ya mashine, na ujuzi ukapata bei yake sokoni. Mwaka 1989 Kodak, kampuni kubwa ya picha, ikaikabidhi IBM vituo vyake vya kompyuta, na baada ya hapo hata mashirika makubwa hayakuona aibu kufanya hivyo.

Kisha, Agosti 2006, Amazon ikaanza kuuza saa ya kompyuta kwa senti 10 kupitia intaneti. Miaka miwili baadaye HP iliinunua EDS kwa dola bilioni 13.9. IBM nayo, mwaka 2021, ikaitenga kazi ya kuendesha mitambo ya wateja iwe kampuni peke yake, Kyndryl, na ushauri ikaubakisha mkononi mwake.