Fundi Makasha: Asili ya Jina Arkwright

Mfasiri akutanapo na Arkwright, jina la ukoo la Kiingereza lisilo la watu wengi, huenda akadhani maana yake ni mjenzi wa safina. Sivyo. "Ark" latokana na neno la Kilatini "arca", yaani kasha. Na huko Lancashire na Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ndilo lililokuwa jina la kasha kubwa la mbao la kuwekea unga. "Wright" ni fundi, neno la kale lililosalia hasa ndani ya maneno ambatani na majina ya watu.

Kosa hilo lina chanzo chake. Biblia ya Kiingereza hutumia "ark" kwa chombo cha Nuhu na pia kwa sanduku la agano. Kiswahili, kwa busara zaidi kwa maoni yetu, kimevitenga.

Richard Arkwright wa Preston (1732–1792), aliyepata hataza ya mashine ya kusokota nyuzi mwaka 1769, alianza kazi kama kinyozi. Hakuunda makasha, wakati huo jina lilikwisha kuachana na ufundi wake. Hivyo twapendekeza libaki lilivyo katika tafsiri, na maelezo, yakihitajika, yawe "fundi makasha".