Anwani, Diski na Uhaba: Historia ya Watoa Huduma za Intaneti katika Ukanda wa Jinja na Mbale tangu 1990

Ikisiri

Historia ya intaneti Afrika Mashariki kwa kawaida husimuliwa kama historia ya nyaya: setilaiti, mkongo wa baharini, mkongo wa taifa. Makala haya yanaiangalia kupitia vitu viwili visivyotajwa sana, yaani anwani za mtandao na diski za seva, kwa kuzingatia ukanda wa mashariki mwa Uganda kuanzia Mafubira na Jinja hadi Mbale. Hoja kuu ni kwamba kila uhaba uliojitokeza katika historia hiyo ulifidiwa kwa hifadhi ya data, na kwamba mzigo wa fidia hiyo huwaelemea zaidi watoa huduma wadogo waliochelewa kuingia sokoni. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne ya kisera.

Utangulizi

Mafubira iko kaskazini mwa mji wa Jinja, karibu na mahali Mto Naili unapotoka katika Ziwa Victoria. Miundombinu mikubwa ya karne ya 20 ilipita jirani yake. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilikamilika mwaka 1912. Reli kuu kutoka pwani ilifika Jinja 1928 na kuvuka mto 1931. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa 1954, na nyaya za umeme wake zikaelekea mashariki hadi Tororo na kuingia Kenya. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji, na Mafubira, iliyokuwa kata ya wilaya ya Jinja, ikawa sehemu ya jiji.

Kwa mtazamo huo, mahali kama Mafubira hapakuwa pembezoni mwa miundombinu. Hata hivyo, mtoa huduma mdogo wa intaneti anayeanza kazi katika eneo la namna hiyo hujikuta akiwa mchuuzi tu wa huduma ya wengine: hununua kwa jumla kutoka Kampala na kuuza kwa rejareja mtaani. Jibu lililozoeleka ni kwamba nyaya zilichelewa. Jibu hilo ni la kweli kwa sehemu, lakini halielezi kwa nini hali haikubadilika sana baada ya nyaya kufika. Ili kuieleza, inabidi kuuliza maswali mawili: nani alimiliki anwani, na data ilihifadhiwa wapi?

Barua zilizolala kwenye diski

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na muunganiko wa kudumu nchini Uganda. Katika Chuo Kikuu cha Makerere kituo kilichojulikana kama MUKLA, kikiendeshwa na Charles Musisi, kilipeleka na kupokea barua pepe kwa teknolojia ya FidoNet. Wakati huohuo mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la utafiti la Kanada IDRC, uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa njia kama hiyo. Lango la mawasiliano haya na dunia lilikuwa GreenNet mjini London.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Barua ilikaa kwenye diski ya kompyuta ya kituo hadi saa ya kupiga simu ya kimataifa. Modemu zikaunganishwa kwa dakika chache, barua zilizosubiri zikaondoka na nyingine zikaingia. Simu ilikuwa ghali, diski ilikuwa na nafuu. Uhaba wa kwanza, ule wa muda wa simu, ulifidiwa kwa hifadhi. Aidha, katika mfumo huo mtumiaji hakuhitaji anwani ya intaneti. Namba ya kituo ilitosha, kama vile Sanduku la Posta la shule linavyotosha kwa wanafunzi wote.

Setilaiti na hifadhi ya muda, 1995–2009

Mwaka 1995 jina la kikoa la .ug lilisajiliwa, na katika mwaka huohuo makampuni ya kwanza yakaanza kuuza intaneti kamili mjini Kampala kwa setilaiti. Sheria ya Mawasiliano ya 1997 ikaunda Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na kuanzia 2003 Mfuko wa Maendeleo ya Mawasiliano Vijijini, uliochangiwa wakati huo na asilimia 1 ya mapato ya makampuni ya simu, ukasaidia kuweka vituo vya intaneti katika miji ya wilaya.

Setilaiti iliyotumika ilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi na jibu lake vilichukua takriban nusu sekunde kwa safari pekee, na upana wa mawasiliano uliuzwa kwa bei kubwa. Suluhisho lilikuwa hifadhi ya muda: seva iliyoweka nakala ya kurasa zilizokwisha kusomwa, ili msomaji wa pili asizifuate tena angani. Programu huria ya Squid, iliyotoka 1996, ilitumiwa sana na watoa huduma wa Afrika kwa kazi hii.

Hapa ndipo uchaguzi wa diski ulipokuwa uamuzi wa kiuchumi. Hifadhi ya muda husoma vipande vidogo vilivyotawanyika, na diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huweza kufanya takriban usomaji 100 tu wa aina hiyo kwa sekunde. Diski nne ndogo, kila moja ikifanya kazi kivyake, zilihudumia wateja wengi kuliko diski moja kubwa yenye ujazo sawa. Kurudufu diski, mbinu iliyoelezwa na watafiti wa Berkeley mwaka 1988, kulikuwa ni kupoteza fedha kwa kurasa ambazo zingeweza kuletwa upya; lakini kulikuwa ni lazima kwa barua za wateja na kumbukumbu za malipo, ambazo zikipotea hazirudi. Aliyenunua diski za aina moja kwa kazi zote mbili alilipa mara mbili au alipoteza alichopaswa kukilinda.

Adui mwingine alikuwa umeme. Mwaka 2005 na 2006 kina cha Ziwa Victoria kilishuka, uzalishaji wa Nalubaale na Kiira ukapungua, na mgawo wa umeme ukaenea nchini. Umeme unapokatika ghafla, data iliyokuwa bado katika kumbukumbu ya seva, kabla ya kuandikwa kwenye diski, hupotea. Kwa hiyo bei halisi ya hifadhi ilijumuisha betri, jenereta na mafuta, hata katika ukanda uliokuwa chanzo cha umeme wenyewe.

Anwani za kuazima

Wakati huo suala la anwani lilikuwa likiamuliwa mbali. Itifaki ya IPv4 ina anwani 4,294,967,296, na mgawanyo wake wa awali haukufuata idadi ya watu. Kabla ya Afrika kuwa na taasisi yake, waombaji walielekezwa RIPE NCC ya Amsterdam au, baada ya 1997, ARIN ya Marekani. Mpaka kati ya taasisi hizo mbili barani Afrika ulikuwa ikweta, mstari unaoikata Uganda kusini mwa Kampala. AFRINIC, yenye makao Mauritius, ilitambuliwa rasmi Aprili 2005, baada ya juhudi za miaka mingi za wataalamu kama Nii Quaynor wa Ghana na Adiel Akplogan wa Togo. Kitalu kikubwa ilichokabidhiwa mwaka huo, kinachoanza na namba 41, kilikuwa na anwani 16,777,216: sawa na kile ambacho taasisi moja ya Marekani, MIT, ilikuwa nacho peke yake.

Kupata anwani kulihitaji uanachama wa kulipiwa kwa dola, pamoja na maelezo ya maandishi yaliyothibitisha mahitaji. Kampuni kubwa ya Kampala iliweza kuajiri mtu wa kazi hiyo. Mtoa huduma mdogo aliona ni nafuu kutumia anwani za yule aliyemuuzia intaneti, mara nyingi kampuni ya setilaiti ya Ulaya. Athari tatu zilifuata. Kwanza, wateja wake walionekana mtandaoni kana kwamba wako ng'ambo. Pili, akitaka kubadilisha muuzaji, alilazimika kubadilisha anwani katika kila ruta na seva ya wateja wake. Anwani ya kuazima ikawa kamba ya kumfunga kwa muuzaji mmoja. Tatu, bila anwani zake na namba ya mtandao unaojitegemea, hakuweza kuingia kwa jina lake mwenyewe katika kituo cha kubadilishana intaneti.

Athari hii ya tatu ilikuwa nzito zaidi. Nchini Kenya kituo cha KIXP kilifunguliwa mwishoni mwa 2000, kikafungwa baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kinaingilia haki yake ya kipekee, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Uganda nayo ilianzisha UIXP mjini Kampala katika miaka hiyohiyo. Vituo hivi viliwezesha data ya nyumbani kubaki nyumbani. Lakini waliokaa mezani walikuwa wenye anwani. Asiyekuwa nazo aliwakilishwa na muuzaji wake.

Mkongo ulipofika, anwani zikaisha

SEACOM ilianza kazi Julai 2009, ikafuatwa na TEAMS na EASSy. Nchini Uganda awamu ya kwanza ya mkongo wa taifa iliunganisha Kampala, Entebbe, Mukono, Bombo na Jinja. Awamu ya pili ikafika Busia, Tororo, Mbale na miji mingine. Nyuzi za mawasiliano zilitandazwa pia juu ya nguzo za umeme mkubwa. Kwa mara nyingine miundombinu ikapita Mafubira.

Vyuo vilinufaika mapema kwa kuwa vilijipanga kwa pamoja. Mtandao wa utafiti na elimu RENU ulioanzishwa 2006 ulivipa vyuo njia ya kununua upana wa mawasiliano kwa pamoja na kutumia anwani ambazo haziko chini ya kampuni ya biashara. Watoa huduma wadogo hawakuwa na chombo kama hicho.

Kalenda haikuwa upande wao. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa vitalu vyake vitano vya mwisho. AFRINIC iliingia awamu ya kwanza ya kubana matumizi Machi 2017, na ya pili Januari 2020, ambapo ombi moja halikuruhusiwa kuzidi anwani 1,024. Hivyo Jinja na Mbale zilipokuwa majiji, Julai 2020, mlango wa anwani ulikuwa umebaki wazi kidogo tu. Zaidi ya hayo, mwaka 2019 ilifichuka kwamba mamilioni ya anwani za Afrika zilikuwa zimechukuliwa isivyo halali, na tangu 2021 kesi kati ya AFRINIC na kampuni ya Cloud Innovation zilidhoofisha taasisi hiyo hadi akaunti zake za benki kuzuiwa kwa muda.

Uhaba unaolipwa kwa diski

Mtoa huduma asiye na anwani za kutosha huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni mfano wa Sanduku la Posta la shule tena. Kila anwani ina milango 65,536. Ikiwa milango 1,024 ya kwanza itaachwa na kila mteja apewe milango 1,024, wateja 63 watatumia anwani moja. Anwani 1,024 zitahudumia wateja 64,512. Kwa hesabu hiyo tatizo huonekana limekwisha.

Lakini karani wa shule lazima ajue barua ni ya nani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaruhusu mahakama kuamuru data ihifadhiwe na kutolewa kwa uchunguzi. Anwani inayotumiwa na watu 63 haimtambulishi yeyote, mpaka mtoa huduma awe ameandika nani alitumia mlango upi na saa ngapi. Kwa mfano wa hesabu tu: kaya 5,000, kila moja ikifungua miunganiko 20,000 kwa siku, na kila rekodi ikichukua baiti 100, zitazalisha gigabaiti 10 kwa siku, zaidi ya terabaiti 3.6 kwa mwaka, kabla ya nakala ya tahadhari. Asipoziweka, kosa la mmoja huwaangukia wote wanaotumia anwani ile. Akiziweka, anakuwa mlinzi wa kumbukumbu za mienendo ya watu, mzigo ambao Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inauwekea masharti.

Kwa upande wa mteja, shule au zahanati iliyo nyuma ya anwani ya pamoja haiwezi kuweka seva yake ikafikiwa kutoka nje kwa njia ya kawaida. Huhamishia kumbukumbu zake kwenye seva za kukodi, mara nyingi nje ya nchi. Hivyo uhaba wa anwani huondoa data mahali inapozalishwa.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha mfuatano mmoja. Muda wa simu ulipokuwa haba, diski ilihifadhi barua. Upana wa mawasiliano ulipokuwa haba, diski ilihifadhi kurasa. Anwani zilipokuwa haba, diski inahifadhi rekodi za watumiaji. Tofauti iko katika faida. Diski ya kwanza na ya pili zilimhudumia mteja. Ya tatu haimpi mteja chochote. Inafidia tu mgawanyo ambao yeye na mtoa huduma wake hawakushirikishwa kuupanga.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, zabuni za umma zidai itifaki ya IPv6: kitalu cha kawaida anachopewa mtoa huduma, cha /32, kina mitandao 65,536 ya ukubwa wa /48, inayotosha kila kaya na zahanati ya eneo kama Mafubira kuwa na anwani zake. Pili, pale anwani za pamoja zinapobaki, wasimamizi wahimize mgawo wa milango usiobadilika, ambao humtambulisha mteja kwa hesabu na kuondoa haja ya kurekodi kila muunganiko. Tatu, watoa huduma wadogo wa Jinja na Mbale wawezeshwe kuunda ushirika wa kuomba anwani na namba za mtandao kwa pamoja, kama vyuo vilivyofanya. Nne, fedha za mfuko wa mawasiliano vijijini zielekezwe pia kwenye vituo vya kubadilishana data na hifadhi nje ya Kampala. Nyaya tayari zimefika. Kilichosalia ni kuwapa walio pembeni mwa nyaya hizo anwani zao na mahali pa kuweka data yao.